Bustani ya Matone: Namna ya Kuipanga Nyumbani

Sisi tunaokaa upande huu wa Dodoma twajua sana jinsi bustani inavyokufa. Mvua hukatika mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei mchicha ungali unapendeza macho. Ukifika Juni watu huanza kuhesabu ndoo. Halafu Agosti upepo huvuma kutwa nzima, matuta yakawa magumu kama barabara, na mboga zikanunuliwa sokoni kwa fedha ambayo ingenunua kitu kingine. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba iliyobaki ni jua na vumbi.

Katika makala hii nataka kueleza umwagiliaji wa matone, ambao wengine huuita kilimo cha dripu, na hasa namna ya kuupanga kabla hujanunua kitu chochote dukani. Nasema kabla kwa sababu nyumbani kwetu tulinunua kwanza na kufikiri baadaye, tukapata hasara. Sitaki kujifanya bingwa. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na mengi niliyoandika humu nimeyapata kwa Mwalimu wetu wa Fizikia, kwa mama yangu, na kwa nyanya zilizokauka.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ukimwaga ndoo ya maji juu ya tuta, sehemu hutiririka njiani, sehemu huliwa na jua, na sehemu hunywesha magugu. Mmea hupata kilichobaki, tena hupata kwa ghafula, kama mtu aliyeshinda na njaa siku tatu kisha akapewa sufuria nzima ya ugali. Katika umwagiliaji wa matone maji hupita katika mpira mwembamba uliolazwa juu ya tuta, nao mpira una vitundu vidogo kila baada ya nafasi fulani. Kila kitundu hutoa tone baada ya tone karibu na shina. Udongo wa mizizi huwa na unyevu kila siku, na udongo wa katikati ya mistari hubaki mkavu, hata magugu hayapati nguvu.

Wazo hili ni la kale. Huko China, yapata miaka 2000 iliyopita, mwandishi wa mambo ya kilimo aitwaye Fan Shengzhi alieleza namna ya kufukia vyungu vya udongo vilivyojaa maji na kupanda matikiti kandokando yake. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa huvuja polepole, kama tuonavyo mtungi wetu wa maji ya kunywa unavyotoa jasho. Mizizi huja yenyewe kukikumbatia chungu. Njia ya mipira ilikuja baadaye sana. Mhandisi wa maji aitwaye Simcha Blass aliona, katika miaka ya 1930, mti mmoja uliostawi kuliko wenzake bila sababu ya kuonekana. Alipochimba akakuta bomba linalovuja karibu na mizizi. Alikaa na wazo hilo miaka mingi, mpaka plastiki ilipopatikana kwa bei nafuu. Mwaka 1965, yeye na watu wa kijiji cha Hatzerim katika jangwa la Negev, Israeli, walianzisha kiwanda cha kutengeneza mipira ya matone. Basi ule mpira mweusi unaouzwa leo madukani ni jamaa wa mbali wa mtungi.

Sasa nisimulie hasara yetu. Mwaka juzi kaka yangu mkubwa alileta mpira wa dripu wa mita 100, pamoja na koki na viungo vyake. Sote tulifurahi. Tulilaza mistari 10 ya mita 10 kila mmoja, tukaacha nusu mita kati ya mstari na mstari, na bustani ikawa kama mita 50 za mraba. Pipa tulilisimamisha juu ya matofali matatu, tukatia ndoo 3 asubuhi, tukapanda nyanya na hoho. Kwa muda wa majuma mawili miche ilikuwa mizuri sana hata majirani walikuja kutazama. Juma la tano majani ya mistari ya mwisho yakaanza kujikunja saa sita mchana, na jioni hayakukunjuka. Tuliongeza ndoo moja, kisha ya pili. Ndoo hizo zilitoka katika maji ya nyumba, na maji ya nyumba huja kwa kichwa cha mama na cha mdogo wangu wa kike kutoka kituo cha maji. Siku moja mama alikuta hakuna maji ya kupikia uji wa mtoto, akafunga koki ya bustani mwenyewe bila kusema neno. Nyanya zikafa karibu zote. Tulichuma ndoo moja na nusu tu, tena ndogo ndogo.

Baada ya hapo nilimwuliza Mwalimu kosa lilikuwa wapi. Hakujibu. Alinipa chaki, akaniambia nigawanye lita 60 kwa idadi ya vitundu. Mpira wetu ulikuwa na kitundu kila sentimita 30, yaani mita 100 zilikuwa na vitundu vipatavyo 330. Lita 60 kugawanywa kwa 330 ni chini kidogo ya robo lita. Ni chini hata ya moja ya tano. Kila kitundu kilikuwa kikipata maji yasiyojaza kikombe cha chai, kwa siku nzima, katika jua la Agosti. Mpira haukuwa na kosa. Sisi ndio tulioutandaza kana kwamba tulikuwa na kisima.

Kwa hiyo kupanga bustani ya matone huanza kwenye maji, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Jiulize kwanza: nyumba yetu yaweza kutoa ndoo ngapi kila siku, hata siku ile mbaya ya mwezi wa Oktoba, bila kugusa maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga? Usihesabu maji ya Mei. Sisi tulihesabu kwa juma zima kwa kuchora alama za mkaa ukutani kila ndoo ilipoingia. Tulikuta nyumba ya watu sita hutumia ndoo 8 kwa siku, na hakuna hata moja ya ziada. Basi bustani yetu haikuwa na maji hata kidogo; ilikuwa ikiiba. Hapo baba alitoa shauri kwamba kaka na mimi tupokezane baiskeli kila alfajiri kuleta madumu 3 ya lita 20. Mama akakubali, lakini aliweka sharti moja: maji ya baiskeli ni ya bustani, na maji ya kichwani ni ya nyumba. Mpaka leo hakuna aliyevunja sharti hilo.

(Wazee husema debe mahali pa ndoo. Wajue kwamba debe la zamani, lile la mafuta ya taa, lilikuwa galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Anayehesabu kwa madebe ya kale apunguze hesabu zangu.)

Ukishajua maji yako, tafuta ukubwa wa bustani. Hapa kuna jambo la kupendeza ambalo kila mwanafunzi yafaa alishike: maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Katika kiangazi chetu, jua na upepo huondoa katika bustani iliyofunikwa na majani maji ya kina cha milimita 5 hadi 6 kwa siku. Tuchukue 6 ili tuwe salama. Basi kila mita ya mraba yataka lita 6 kila siku mimea ikiwa mikubwa. Tena hakuna chombo kisichopoteza. Hata katika matone toa moja ya kumi kwa ajili ya maji yanayozama chini au kuvuja kwenye viungo. Katika lita 60 zetu zabaki 54. Gawanya kwa 6, utapata 9. Bustani yetu ilipaswa kuwa mita 9 za mraba, nasi tulilima 50! Kwa bustani ile tungehitaji ndoo 16 au 17 kila siku, yaani mara mbili ya maji ya nyumba nzima.

Mita 9 za mraba ni kitu kidogo, najua. Kaka yangu alicheka alipoona kamba niliyoivuta. Lakini bustani ndogo inayokunywa hushinda kubwa yenye kiu. Mwaka jana hatukununua nyanya wala mboga za majani tangu Julai hadi mwisho wa Oktoba.

Labda msomaji atasema, na maji ya mvua je? Ni kweli, hesabu ileile ya milimita yafaa kwa paa. Paa la bati lenye mita 40 za mraba, likipata milimita 500 za mvua, hupokea lita 20,000. Hata tukitoa moja ya tano kwa yale yanayorukia nje ya mfereji, ni lita 16,000. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Tangi la plastiki la lita 5,000 likijazwa na mvua za mwisho laweza kulisha bustani ya lita 60 kwa siku 83, kama hakuna atakayelifungua kwa kazi nyingine. Mwenye uwezo wa tangi na anunue. Sisi bado tuko kwenye baiskeli. Na maji ya kufulia yenye sabuni msiyatie katika mipira, maana povu na nyuzi za nguo huziba vitundu. Yapelekeni kwenye mgomba au mpapai.

Jambo la pili ni udongo. Tone la maji halishuki kwa namna moja kila mahali. Katika kichanga huzama moja kwa moja, na sehemu yenye unyevu huwa nyembamba kama karoti. Katika udongo mzito, kama ule mweusi wa mbugani, huenea pembeni na kuwa kama kitunguu. Si lazima kukisia. Chukua chupa ya plastiki, toboa kizibo chake kwa sindano, ijaze maji, igeuze juu ya udongo mkavu jioni na kuiegemeza kwa mawe. Toboa pia kitako chake ili hewa iingie, la sivyo haitatoa kitu. Asubuhi kata udongo kwa jembe wima, upime upana wa sehemu iliyolowa. Kama upana ni sentimita 30, basi vitundu vikiwa sentimita 30 mbali vitagusana unyevu wao. Kwetu kichanga chekundu kilitoa sentimita 28, kwa hiyo mpira wa sentimita 30 ulikuwa karibu sana na haki. Mwenye udongo mzito aweza kununua wa sentimita 40 au 50 na kupata mistari mirefu zaidi kwa idadi ileile ya vitundu.

Sasa tuje kwenye kimo cha pipa, ambapo tulikosea kwa mara ya pili. Nguvu inayosukuma maji katika mpira haitokani na ukubwa wa pipa. Inatokana na kimo cha uso wa maji kutoka pale kitundu kilipo. Pipa la lita 200 na ndoo ya lita 20 zikiwa na maji ya kimo kimoja husukuma sawasawa. Tena vitundu vingi vina njia nyembamba iliyopindapinda ndani yake, na katika vitundu vya namna hiyo maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Dukani utaambiwa kwamba kitundu hutoa lita 1 kwa saa. Hiyo ni kweli mahali penye nguvu ya bomba la mjini, sawa na kimo cha mita 10. Nyumbani kimo ni mita 1, yaani moja ya kumi. Kipeuo cha pili cha moja ya kumi ni 0.32; basi kitundu hicho kitatoa theluthi moja tu ya lita kwa saa. Si hasara, ila lazima ujue ili usishangae.

Hasara huja pale ambapo kimo ni kidogo na ardhi haiko sawa. Matofali yetu matatu yalikuwa na kimo cha sentimita 30. Nilipokuja kupima baadaye nilikuta kwamba bustani, ambayo kwa macho ilikuwa tambarare kabisa, ilipanda sentimita 25 toka penye pipa hadi mstari wa mwisho. Maji yalipopungua katika pipa, mistari ya mwanzo ilikuwa bado ikisukumwa na sentimita 30, na mistari ya mwisho ikisukumwa na sentimita 5. Hiyo ndiyo sababu majani ya kule mwisho yalijikunja kwanza. Kama pipa lingekuwa juu mita 1, tofauti hiyo hiyo ya sentimita 25 ingekuwa robo tu ya kimo, na mimea ya mwisho ingepungukiwa kidogo bila kufa.

Mtaniuliza nilipimaje bila vyombo. Mafundi wa nyumba hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye maji. Watu wawili hushika ncha mbili, mmoja penye pipa na mwingine mwisho wa bustani, kila mmoja akisimamisha ncha yake kwenye kijiti kilichochomekwa. Maji yakitulia huwa na usawa mmoja pande zote. Pima kutoka uso wa maji hadi chini katika kila kijiti, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tofauti ya ardhi. Hakikisheni hakuna povu la hewa katikati ya mpira, maana sisi mara ya kwanza tulipata jibu la ajabu kwamba bustani ina mlima.

Basi pipa na likae upande wa juu wa bustani, na mpira mkuu ushuke pamoja na mteremko. Mipira midogo yenye vitundu iukate mteremko, yaani ilale kufuata usawa wa ardhi, ili kitundu cha kwanza na cha mwisho viwe karibu na kimo kimoja. Kwa nguvu ndogo kama hii si vizuri mstari mmoja uzidi mita 10. Jukwaa la pipa liwe imara. Lita 200 za maji ni kilo 200, bila kulihesabu pipa lenyewe, na watoto hupenda kucheza chini ya kitu kilichoinuka. Sisi tulijenga nguzo nne za matofali na kuweka mbao nene juu.

Mchoro wetu wa mwaka jana ulikuwa hivi. Matuta mawili, kila moja na upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 na nusu, na njia ya kupitia katikati. Kila tuta lilipata mistari miwili, jumla mistari minne, yaani mita 18 za mpira. Mita 82 zilizobaki za mpira wa kaka tulizikunja na kuziweka. Nusu yake jirani alizinunua. Kila mstari ulikuwa na vitundu 15, vyote vikawa 60, na lita 60 zikigawanywa kwa vitundu 60 ni lita 1 kwa kila kimoja. Kwa kuwa kila kitundu hutoa theluthi ya lita kwa saa, maji yalikwisha kwa muda wa saa tatu hivi, yaani ndoo moja kwa saa. Nilifungua koki saa kumi na mbili alfajiri, na saa tatu, jua halijawa kali, pipa lilikuwa tupu. Siku za shule mdogo wangu aliyebaki nyumbani alifunga.

Nyanya tuliziweka kwenye kitundu kimoja na kuruka kimoja, zikaachana sentimita 60. Kila mstari ukapata miche 8, jumla 32. Kwenye vitundu vilivyorukwa tulipanda mchicha, ambao huvunwa kabla nyanya hazijatandaa. Nyanya zilipokuwa kubwa kila moja ilikuwa na vitundu karibu viwili vyake peke yake, yaani karibu lita 2 kwa siku. Miche ikiwa michanga haihitaji hivyo. Majuma matatu ya kwanza tulitia ndoo moja na nusu tu. Kipimo chetu kilikuwa kidole: ukichomeka kidole chote karibu na shina, na ncha yake ikatoka na udongo unaoshikamana, maji yatosha. Ukitoka mkavu, ongeza. Ukitoka na matope, umezidisha, na katika kichanga maji yaliyozidi yameshakimbilia chini pamoja na mbolea yako.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza fanyeni jaribio ambalo tulilifanya hapa shuleni nyuma ya jiko. Wekeni vikombe vya namna moja chini ya kitundu cha kwanza, cha katikati na cha mwisho cha kila mstari. Ngojeni saa moja kisha linganisheni. Tofauti ikiwa moja ya kumi, ni vizuri sana. Ikiwa nusu kwa nusu, kuna mahali pamepanda, au mpira umejikunja, au kiungo kinavuja. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo itakuonya mapema kuliko majani yatakavyokuonya.

Onyo dogo la dukani. Kuna vitundu vya bei kubwa vilivyotengenezwa ili vitoe maji sawasawa hata mlimani. Vina utando wa mpira ndani, na utando huo wataka nguvu ya mita 4 au 5 hivi za kimo ili ufanye kazi yake. Kwa pipa la mita 1 havifai kitu, hata kama muuzaji atavisifu. Ulizeni vile vya kawaida.

Adui mkubwa wa matone ni kuziba. Kitundu chenyewe ni chembamba hata chembe ya mchanga hukitosha. Koki ya pipa isiwekwe chini kabisa. Iwe sentimita 5 juu ya kitako ili matope yatulie chini yake. Baada ya koki fungeni kichujio cha wavu, na wakati wa kumimina maji yapitisheni katika kipande cha kanga kuukuu. Kichujio kioshwe kila juma. Kila baada ya majuma mawili fungueni ncha za mipira yote, ambazo sisi tumezikunja na kuzibana kwa kipande cha mpira mpana, maji yatoke kwa kasi mpaka yawe meupe. Mipira ilazwe vitundu vikitazama juu, maana vikitazama chini hunyonya udongo pipa linapokwisha. Pipa liwe na kifuniko kwa sababu mbili: mwanga huotesha ukoka wa kijani ndani ya maji, na mbu hawahitaji mwaliko. Pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu lisitumike hata likioshwa mara saba. Na samadi iwekwe katika udongo majuma matatu kabla ya kupanda. Mchuzi wa samadi ndani ya pipa utaziba kila kitu kwa siku moja.

Visima vingi vya upande wetu vina maji magumu, tena ya chumvi. Ugumu huonekana kama ganda jeupe juu ya kitundu, lile lile tunaloliona ndani ya birika. Ganda hilo hutengenezwa maji yanapokaukia kwenye kitundu, kwa hiyo tuta likifunikwa kwa nyasi kavu, na mpira ukawa chini ya nyasi, huchelewa sana. Nyasi pia huzuia jua lisinywe maji yako. Likishatokea, ng'oa mpira, uloweke usiku mmoja katika ndoo yenye siki au maji ya ndimu, kisha suuza.

Chumvi ina hila yake, nayo ilitupata mwishoni kabisa, tulipodhani tumemaliza. Katika umwagiliaji wa matone maji husogea kutoka kitundu kwenda pembeni, yakiibeba chumvi pamoja nayo, na pale yanapokaukia chumvi hubaki. Mwezi wa Novemba tungeweza kuiona kwa macho, duara jeupe kuzunguka kila shina. Muda wote wa kiangazi haina madhara, kwa sababu maji mapya ya kila siku huisukuma nje. Halafu mvua ya kwanza ikaja, manyunyu ya nusu saa tu. Sote tulifurahi, nami nikafunga koki ili kuokoa maji. Manyunyu yale yaliiyeyusha chumvi ya duara na kuirudisha ndani, penye mizizi, na siku ya tatu nyanya zilizokuwa zingali zikizaa ziliungua kingo za majani kana kwamba moto umepita. Ilitupasa kufanya kinyume: kuacha matone yaendelee wakati wa manyunyu yale ya kwanza, na hata kuongeza ndoo moja, mpaka inyeshe mvua ya kweli ya kuisukuma chumvi chini kabisa.

Mvua hiyo ya kweli ikishanyesha mara mbili au tatu, funga koki. Safisha kichujio, fungua ncha zote, puliza mipira iwe mikavu, uikunje kwa duara pana bila kuivunja, uitundike darini mbali na jua. Na uifunge juu kwa kamba, isiguse mbao, maana panya wa darini hupenda kutafuna mpira kuliko mahindi. Sisi tulipoteza mita 3 hivi.